Kabla Beyoncé na Jay-Z Wapande Ile Nduthi, Kulikuwa na Djibril Diop Mambéty

Rudi nyuma kidogo hadi Machi 2018. Beyoncé na Jay-Z wanatangaza ziara yao ya pamoja, On the Run II, na wanaachilia picha moja mtandaoni: wawili wamekalia pikipiki, na pale kwenye usukani kumefungwa fuvu la ng'ombe na pembe zake zote. Watu wakachizi. Mimi nilidhani ni luku tu, doh ikijionyesha. Kumbe kwa wasee wa Dakar hiyo nduthi haikuwa ngeni hata kidogo.

Ilitoka kwa filamu ya 1973 inaitwa Touki Bouki. Na msee aliyeitengeneza, Djibril Diop Mambéty wa Senegal, alikuwa amelala kaburini karibu miaka 20 wakati Beyoncé anakanyaga hiyo pedali.

Kama hujawahi sikia jina lake, usijiskie vibaya. Hapa kwetu unaweza maliza shule yote ukijua majina ya waigizaji wa Hollywood na mabinamu zao, na hujui hata mwongozaji mmoja wa Dakar. Mimi nilimjua mwaka ule niliacha chuo. Karo ilikuwa imekwama, nimerudi kejani kwa mathe, sina wera, usiku nachoma bando nikicheki chochote kinachokuja. Ikatokea hii filamu ya chali mwenye nduthi ya pembe. Sikuelewa nusu yake. Asubuhi bado nilikuwa naiwaza nikichota maji. Kwa hivyo keti hapa nikupe stori ya huyu jamaa, na nakuahidi hautajuta.

Alizaliwa Januari 1945 pale Colobane, mtaa wa Dakar. Shika hilo jina, Colobane, litarudi. Budake alikuwa imamu, kwa hivyo unaweza kuimagine hiyo nyumba: nidhamu, swala, na mtoi mmoja ambaye kichwa chake kiko nje kwa barabara. Kilichomteka kilikuwa muvi. Karibu na mtaa kulikuwa na sinema ya wazi, ile ya kuonyeshwa usiku chini ya nyota, na walikuwa wanaonyesha filamu za makauboi na za Kihindi. Shida ni kwamba Djibril na mbogi yake hawakuwa na pesa ya tiketi, na nyumbani walikuwa wamekatazwa kutoka usiku. Wakahepa hata hivyo. Wakafika, wakakaa nje ya ukuta, wakasikiliza.

Ebu tulia hapo kidogo. Huyu mtoi alisikia filamu miaka mingi kabla ya kuziona. Risasi, farasi, treni, mwanamke akilia, muziki ukipanda, na picha zote akijichorea mwenyewe kichwani. Kama ulikulia mtaani Nairobi unajua hii kitu vizuri. Kile kibanda cha muvi cha mabati, DJ Afro ndani anatafsiri kwa sauti ya kupasua spika, na wewe huna hata ashu ya kuingia, umebandika sikio kwa bati. Nusu ya utoto wetu tulisikia, hatukuona. Mambéty alikuja kueleza akiwa mkubwa kwamba pengine ndio maana sauti ilikuwa na uzito hivyo kwenye kazi zake. Ukicheki filamu yake ukifumba macho, bado inaendelea.

Kijana akakua, akaingia maigizo. Akapata nafasi Tieta ya Taifa ya Daniel Sorano pale Dakar, na hiyo haikuwa base ya mtaani. Ni pale Senegal changa ilipoweka sura yake nzuri. Rais wakati huo alikuwa Léopold Sédar Senghor, mshairi mwenyewe, na gava yake ilikuwa inamwaga hela kwa sanaa kuliko nchi nyingi za Afrika. Mwaka wa 1966 Dakar ndiyo iliyoandaa tamasha kubwa la kwanza la dunia la sanaa za watu weusi. Ukiwa mwigizaji wa Sorano, wewe umeiva. Mambéty akafukuzwa. Sababu iliyotolewa ni nidhamu.

Wengi wetu tukifukuzwa mahali tunaenda kulala siku mbili. Huyu alishika kamera. Hakuwahi kusoma shule ya filamu hata siku moja. Na usifikirie uwanja ulikuwa mtupu. Senegal tayari ilikuwa na Ousmane Sembène, yule mzee aliyekuwa mfanyakazi wa bandarini Marseille, akawa mwandishi, halafu akaenda Moscow kusomea filamu. Sembène ndiye aliyefungua njia kwa Borom Sarret mwaka wa 1963 na La Noire de... mwaka wa 1966. Filamu zake zinaenda moja kwa moja: huyu ananyonywa, huyu ananyonya, ona kwa macho yako. Ni noma, sitaki mtu aniambie vingine. Lakini Mambéty hakutaka kuhubiri hivyo. Alitaka kucheza. Alitaka kukata stori vipande vipande, avimwage mezani, halafu wewe uone utajenga nini.

Kazi yake ya kwanza kuonekana ilikuwa Contras' City, mwishoni mwa miaka ya 60, dakika 21 hivi. Ni matembezi ya Dakar kwa mkokoteni wa farasi, na sauti za mwanamume na mwanamke mzungu wakibonga juu ya picha. Kamera inapita majengo makubwa ambayo Wafaransa waliacha, yale ya kujifanya uko Ulaya, halafu inashuka sokoni, msikitini, kwa vinyozi wa kando ya barabara. Hakuna mtu anapigiwa kelele. Ni kejeli tu, laini, kama ile ya beste yako anayekuangalia umevaa suti ya kuazima.

Halafu 1970 ikaja Badou Boy, kama saa moja hivi. Badou ni chali mtundu wa mtaa, mjanja, mwepesi wa mguu, na karao mmoja mnene anamfukuza Dakar yote. Kuna basi la abiria bovu, kuna makelele, kuna kukimbizana kwa staili ya filamu za zamani za kuchekesha. Mambéty mwenyewe alikiri kwamba huyo mtundu alifanana naye. Hiyo filamu ilimpa tuzo ya Tanit ya fedha kwenye tamasha la Carthage huko Tunisia. Alikuwa na miaka 25.

Sasa tufike kwa fisi.

Touki Bouki kwa Kiwolof ni safari ya fisi. Aliitengeneza kwa kama dola 30,000, pesa ambayo siku hizi wasanii fulani wanaweka kwa video moja ya dakika tatu. Stori yenyewe unaweza kuisema kwa pumzi moja. Mory ni chali aliyekuwa mchunga ng'ombe, ana nduthi yenye fuvu mbele. Anta ni manzi wa chuo kikuu, nywele fupi, anadunga suruali wakati wasichana wenzake hawathubutu. Wote wawili wamechoka na Dakar na wanataka kwenda Paris. Hawana nauli. Kwa hivyo wanaanza kuiba.

Wizi wao ni wa kuchekesha na wa kusikitisha kwa pamoja. Wanaenda uwanja wa mieleka kubeba sanduku la mapato, wakija kufungua ndani kuna fuvu la kichwa. Halafu wanaenda kwa Charlie, tajiri mmoja anayeishi raha, wanamhepea na nguo zake na gari lake. Gari limepakwa rangi za bendera ya Marekani. Sasa Mory amesimama ndani ya hilo gari kama rais, na kichwani mwake jiji zima limetoka kumshangilia, hata yule Shangazi Oumy aliyekuwa anamtukana kwa sababu ya deni sasa anamwimbia sifa. Uongo wote. Lakini nani kati yetu hajawahi kupanga hiyo msafara kichwani? Ile siku utarudi mtaani na ndai kubwa na landi aliyekufungia mlango aje akusalimie kwanza.

Juu ya hayo yote kuna sauti. Josephine Baker anaimba kuhusu Paris, wimbo huo huo, tena na tena, hadi unaacha kuwa wimbo na unakuwa ugonjwa. Ng'ombe wanalia. Mawimbi. Ndege wa baharini. Filamu inaanza na mtoto amepanda ng'ombe, anakuja polepole mbele ya kundi, halafu paap, tuko machinjioni, ng'ombe halisi, damu halisi, bila kuonywa. Nikupe onyo mimi: kama una roho nyepesi, hapo utageuza uso. Mara mtoto anarudi kwenye picha, lakini unasikia injini ya pikipiki badala ya kwato. Hakuna mtu anakuelezea chochote. Hiyo ndiyo avant-garde unayosikia watu wakiitaja kwa majivuno. Kwa lugha ya mtaa ni msee kukataa kukutafunia chakula.

Wazungu waliandika kwamba amefuata mawimbi mapya ya Ufaransa. Inawezekana alicheki hizo filamu, sikatai. Lakini mimi nikiangalia Touki Bouki naona stori za shosho. Shosho hasimulii kwa mstari ulionyooka. Anaanza na fisi, anaruka kwa mjomba wako, anaimba kidogo, anarudi kwa fisi, na wewe unamfuata tu. Mambéty mwenyewe alijiona kwenye ukoo wa griot, wale wasimulizi wa Afrika Magharibi wanaobeba historia mdomoni. Na fisi wa Wawolof sio tofauti sana na wa kwetu: mlafi, mwoga, anatafuta mzoga usiku. Sisi tunasema njia mbili zilimuumiza fisi. Alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama pande zote mbili, akataka kufuata zote, akapasuka. Sijui kama Mambéty alishawahi kuskia hiyo methali ya Kiswahili, lakini filamu yake ni hiyo hiyo.

Kwa sababu ona mwisho wake. Wamefika bandarini, wamedunga pamba kali, tiketi ziko. Meli inaitwa Ancerville, na ilikuwa meli ya kweli ya safari za Dakar na Ufaransa. Juu ya sitaha kuna Wafaransa wanabonga wakidharau nchi waliyoishi. Anta anapanda. Mory anaanza kupanda ngazi, na honi ya meli inalia. Sauti ya honi inafanana na ng'ombe anayechinjwa. Mory anasimama. Halafu anageuka na kukimbia, anapita jiji lote akitafuta nduthi yake, na akiipata imeshagongwa na yule jamaa wa porini aliyeichukua. Anabaki na pembe mkononi. Meli imeenda na manzi wake.

Mara ya kwanza nilimtukana Mory. Fala! Viza ya maisha na unahepa? Beste yangu alikuwa amepata kazi Doha mwezi huo huo, ulinzi, na mtaa mzima ulikuwa umechanga nauli ya ejenti. Hakuna mtu hata mmoja alimuuliza kama anataka kwenda. Mimi pia sikumuuliza. Nilipoicheki mara ya pili nikaona kitu kingine: filamu haisemi Mory alifanya vizuri, na haisemi Anta alikosea. Inawaonyesha tu, mmoja juu ya maji, mwingine kwa lami na mifupa.

Touki Bouki ikaenda Cannes 1973, ikapata tuzo ya wakosoaji wa kimataifa, na tamasha la Moscow likaipa tuzo maalum ya majaji. Jamaa ana miaka 28, hajasoma filamu, amefukuzwa kazi, na dunia inamjua. Ungedhani sasa ni filamu kila mwaka.

Ikapita karibu miaka 20 bila filamu nyingine ndefu.

Hapo ndipo stori nyingi za mtandaoni huruka haraka, kwa sababu kimya hakina klipu. Lakini fikiria. Mtu ameshatengeneza kitu kikubwa, halafu 1974 inapita, 1980 inapita, 1985 inapita. Filamu si kama muziki ambao unaweza kurekodi chini ya blanketi kejani. Wakati huo inataka reli za filamu, maabara, watu wa kulipwa, na hela nyingi za filamu za Afrika Magharibi zilikuwa zinatoka Ufaransa. Msee wa kukata stori vipande vipande hapati mwekezaji kirahisi. Mwaka wa 1989 alionekana Burkina Faso, anarekodi filamu fupi iitwayo Parlons Grand-mère, kuhusu mwenzake Idrissa Ouédraogo akitengeneza Yaaba. Yaani nyota wa Cannes anafanya filamu ya nyuma ya pazia la filamu ya mwingine, na aliifanya kwa mapenzi, ukiicheki utaona.

Alirudi kabisa mwaka wa 1992 na Hyènes, fisi tena, safari hii wengi. Alichukua tamthilia ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt, The Visit, akaipanda Colobane, mtaa wake mwenyewe. Colobane ya filamu imesota hadi fanicha ya ofisi ya meya inabebwa na wadai. Mara habari zinafika: Linguère Ramatou anarudi. Alifukuzwa hapo akiwa msichana mdogo, sasa ni tajiri kuliko Benki ya Dunia, ana mkono na mguu wa dhahabu. Mji unajipanga kumpokea. Na anawaambia sawa, nitawapa mabilioni. Sharti moja. Mnaniulia Dramaan Drameh.

Dramaan ni mzee wa duka, kipenzi cha mtaa, anakopesha kila mtu. Lakini zamani alimpa Linguère mimba, akaikana, akahonga wanaume wawili kwa mzinga wa pombe waseme mahakamani kwamba walilala naye. Msichana akafukuzwa na mji mzima ukitazama, akaishia kuuza mwili. Sasa amekuja kununua haki, na ameleta risiti.

Watu wanakataa. Kwa sauti kubwa, wanakataa! Sisi ni Waafrika, hatuuzi mtu. Halafu asubuhi Dramaan anaona wateja wake wanachukua vitu vya bei kwa mkopo. Sigara nzuri. Pombe nzuri. Wote wamevaa viatu vipya vya manjano kutoka Burkina Faso. Friji zinashushwa, feni, televisheni, mtaa unasherehekea. Hakuna aliyesema atamuua, lakini wote wanakopa juu ya kifo chake. Polisi amevaa viatu vya manjano. Hata wale wa dini wanamshauri tu ahepe. Nikwambie ukweli, sijawahi kuona filamu inayoeleza kampeni za uchaguzi na madeni ya nchi zetu vizuri hivyo, na hakuna mwanasiasa hata mmoja anayetoa hotuba ndefu ndani. Mwishoni wanaume wa mji wanamzunguka Dramaan, wanasogea karibu, wanasogea, halafu wanatawanyika. Chini limebaki koti tu.

Ami Diakhate aliyeigiza Linguère hakuwa nyota wa sinema. Mambéty alimpata sokoni Dakar akiuza supu. Naye Mambéty alijipa kiti cha aliyekuwa hakimu. Muziki ulitengenezwa na mdogo wake, Wasis Diop. Na alisimulia kwamba Linguère alianzia kwa mwanamke wa kweli aliyemwona utotoni, kahaba wa bandarini ambaye kila Ijumaa alikuja mtaani na kulisha maskini, hadi Ijumaa moja hakuja tena.

Na sasa yetu. Ndani ya Hyènes kuna tembo wanatembea. Mambéty alieleza kwamba tembo aliwaazima kwa Wamaasai wa Kenya, na fisi akawaazima Uganda, watu wakatoka Senegal, kuna na mtu wa Japani humo. Alitaka ionekane ni bara zima, halafu dunia nzima. Kwa hivyo ukiicheki na uone wale tembo, jua ni wa hapa. Filamu hiyo ilishindania tuzo kuu Cannes 1992. Haikushinda. Tembo wetu walifika lakini.

Mambo yakaongeka. Januari 1994, pesa ya Senegal, faranga ya CFA, ikapunguzwa thamani nusu nzima kwa uamuzi wa mara moja: faranga moja ya Ufaransa iliyokuwa CFA 50 ikawa CFA 100. Wewe unakumbuka mapema 2024 dola ikipita shilingi 160 na kila mtu analia? Sasa hiyo ilipanda kwa miezi. Hii ya kwao ililala hivi ikaamka vile. Mchele, dawa, mafuta, kila kitu cha nje.

Mambéty akafanya nini? Vichekesho. Le Franc, dakika 45 hivi. Marigo ni mwanamuziki aliyesota, landi wake wa kike amemnyang'anya ala yake ya muziki kwa sababu ya kodi. Anapata tiketi ya bahati nasibu, anaigandisha kwa gundi mlangoni nyuma ya posta ya Yaadikoone, yule jambazi wa Senegal ambaye watu wanamkumbuka kama mtetezi wa wanyonge. Tiketi inashinda! Lakini haibanduki. Kwa hivyo Marigo anang'oa mlango mzima, anaubeba kichwani kuvuka Dakar kwenda kudai hela yake. Mlango juu ya basi, mlango sokoni, mlango kila mahali. Ofisini wanamwambia lazima waone namba iliyo nyuma. Anaupeleka baharini kuulowesha. Sitakwambia mwisho. Cheka kwanza, halafu jiulize ni milango mingapi unabeba wewe.

Hiyo ilikuwa ya kwanza kati ya filamu tatu fupi alizopanga kuhusu watu wadogo, wale ambao hawana akaunti ya benki na kila asubuhi wanaanza upya. Ya pili, La Petite Vendeuse de Soleil, ndiyo ningekuomba uanze nayo kama unaogopa kuchanganyikiwa. Sili ni mtoto wa kike, anatembea na magongo, anaomba barabarani na shosho yake ambaye ni kipofu. Siku moja anaamua: kama wavulana wanauza magazeti, na mimi nitauza. Anapewa Le Soleil, gazeti la gava, nakala 13 za kuanzia. Tajiri mmoja ananunua zote kwa noti moja kubwa. Karao anamshuku kwamba ameiba, anampeleka kituoni, na huyu mtoto anamtetea si yeye tu, hata mwanamke mwingine aliyefungiwa hapo anatoka naye. Doh anamnunulia shosho mwavuli wa rangi, wengine anagawia. Wavulana wanamwonea, wanamnyang'anya gongo. Na rafiki yake Babou, anayeuza gazeti pinzani, anambeba mgongoni, wanaondoka wakipita umati.

Msichana huyo, Lissa Balera, anatembea kwenye hiyo filamu kana kwamba barabara ni yake. Hakuna huruma ya kununua. Nimeona matangazo mengi ya misaada yenye watoto kama Sili, na yote ukiyaweka pamoja hayafikii dakika moja ya hii.

Mambéty hakuiona ikitoka. Alifariki Paris tarehe 23 Julai 1998, kansa ya mapafu, akiwa na miaka 53. Wenzake waliimalizia, ikatoka mwaka uliofuata. Ile ya tatu haikuwahi kurekodiwa. Ukihesabu zote ni filamu ndefu mbili na fupi tano. Basi. Msee mzima, miaka 30 ya kazi, unaweza kuzicheki wikendi moja na bado ukapata muda wa kufua.

Lakini fuata jinsi zilivyotembea. Mwaka wa 2008 taasisi ya Martin Scorsese ya kuokoa filamu za dunia iliifanyia Touki Bouki ukarabati pamoja na maabara ya Bologna, Italia, ndio maana leo unaiona na rangi zinawaka. Mwaka wa 2022 jarida la Sight and Sound la Uingereza lilipouliza wakosoaji wa dunia filamu bora za wakati wote, ilikuwa ndani ya 100 bora. Katikati hapo ndipo Beyoncé akachukua nduthi. Wengine walisema ni wizi, wengine wakasema ni heshima. Mimi naona Mory mwenyewe aliiba gari la Charlie, kwa hivyo tuachane na hiyo.

Na kuna damu. Wasis, yule mdogo wake wa muziki, ana binti anaitwa Mati Diop. Mwaka wa 2019 Mati alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushindania tuzo kuu Cannes kama mwongozaji, na Atlantique, filamu yake kuhusu vijana wa Dakar wanaopotelea baharini wakielekea Uhispania, ikabeba Grand Prix. Angalia hapo: 1973 wanapanda meli kubwa yenye honi, 2019 wanapanda mitumbwi usiku. Mwaka wa 2024 akabeba Dubu wa Dhahabu kule Berlin kwa Dahomey. Huyo si mtoto wa kuishi kwa jina la babake mkubwa.

Lakini ile yake iliyonimaliza ni ya 2013, Mille soleils. Mati alisikia kwa babake kwamba waigizaji wa Touki Bouki waliishia kuishi filamu yenyewe. Mareme Niang, aliyekuwa Anta, aliondoka nchini. Magaye Niang, aliyekuwa Mory, alibaki Dakar. Mati akaenda kumtafuta. Kwenye filamu yuko na ng'ombe wake, mzee sasa, buti na jinzi, anapitisha kundi katikati ya magari. Usiku kuna onyesho la wazi la Touki Bouki, na Magaye anafika amechelewa, amelewa kidogo. Kwenye kitambaa yuko yeye, kijana, juu ya nduthi. Anawaambia watoi waliokaa hapo kwamba yule ni yeye. Wanamcheka. Hawaamini.

Baadaye anatafuta simu, anampigia Mareme, miaka 40 baada ya meli. Wanabonga. Yeye yuko kwenye baridi huko mbali, na huyu anaanza kutembea kwenye theluji ambayo Dakar haijawahi kuiona.

Nilipomaliza kuicheki ilikuwa saa nane usiku. Nikampigia beste yangu wa Doha, kwa mara ya kwanza tangu aende nikitaka kumuuliza lile swali. Haikushikwa. Asubuhi nikapata ujumbe: alikuwa shifti, anauliza kama kuna mtu amekufa.